Leokadia, Twende Wisła

Jumatatu, 2 Septemba

Daktari kaniamuru niandike presha yangu humu kila siku. Presha yangu ni yangu. Nitaandika mambo ya maana.

Mimi ni Hieronim Pęczak, fundi wa majiko ya vigae. Mji huu wa Włocławek ungekuwa barafu tupu kama si mikono hii. Jiko la Leokadia nililijenga mimi, mumewe akiwa hai. Marehemu alilisifu mpaka akakauka koo.

Leo Leokadia kanialika supu ya matango chachu. Kasema binti yake aliyeko Gdynia, kule baharini, anataka ahamie kwake kabla ya baridi. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Akakoroga supu wee. Halafu akasema, "Na hapa, Bwana Hieronim, kuna cha kunizuia?" Akalitazama jiko. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, jiko ni imara, litatuzika sote.

Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Nimefika nyumbani, nimevua kiatu kimoja, ndipo nikaelewa. Hakuwa anauliza habari za jiko!

Jumanne, 3 Septemba

Sitaki aende. Haya, nimeandika.

Kumwambia ndiyo kazi. Maneno kama hayo huwezi kuyasema jikoni, kati ya sufuria na paka. Yanataka milima. Nimefikiri asubuhi nzima na nimepata: Wisła! Si mto Wisła huu unaopita chini ya mji wetu, ambao kila mtu anautupia mkate wa bata. Nasema Wisła mji, kule kusini milimani, mto unakozaliwa. Mto na mji jina moja, hata mtoto wa shule anajua. Hewa safi, misonobari, maji baridi. Tutapanda juu, nitavua kofia, nitasema usiende. Atalia. Nitampa leso. Leso nimeshaifua.

Nimepiga simu kwa Bi Zuzanna mwenye nyumba ya wageni huko. Vyumba viwili, maana mimi ni muungwana. Kauliza huyo bibi anapenda kula nini asubuhi. Nikamwambia anakula ninachokula mimi.

"Maskini," kasema Bi Zuzanna.

Wana lugha yao, watu wa milimani.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekosea kumwambia Teofil. Teofil alikuwa karani wa posta, sasa anashinda mtoni na ndoano. Anaandika herufi nzuri zimelala upande mmoja kama ngano. Mimi naandika kama ninayepanga matofali. Lakini ukuta unasimama kwa matofali, si kwa ngano!

Kanishauri nimweleze Leokadia kila kitu: treni, milima, tutalala wapi, tutarudi lini. "Mama wa watu anataka kujua anapelekwa wapi, Hieronim. Yeye si gunia la viazi." Nikamjibu kwamba mwanamume anayeeleza sana ni mwanamume anayeomba. Akasema basi niombe, kuna ubaya gani?

Huyu mtu humpelekea Leokadia samaki waliokwisha paruliwa magamba. Nani anaparua samaki wa mwenzake bila sababu? Mnafiki.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwalika! Nilimkuta anatunga uyoga kwenye uzi aukaushe. Nikanyoosha mkono nikiwa bado nje ya kizingiti. Akakataa kuushika. "Ndani au nje, Bwana Hieronim. Wakishikana mikono juu ya kizingiti watu hugombana." Nikaingia. Nikasimama wima. Nikasema, "Leokadia, Jumamosi twende Wisła."

Akacheka. Akasema Wisła anaiona kila siku dirishani, lakini na mimi hajawahi kwenda, basi sawa. Sijui ana kalenda gani humo ndani. Ya milima, nadhani.

Maswali yakaja. Achukue chakula? Nikasema chakula kipo. Achukue nguo ya kuogelea, au kumekwisha kuwa baridi? Bi Zuzanna ana bwawa la maji moto, nikasema achukue. Blanketi la kukalia? Nikashangaa kidogo, lakini mwanamke na blanketi lake usiwaingilie. Tutarudi saa ngapi?

Hapo nikajibu kama bwana: "Tutarudi tukishatosheka."

Akawa mwekundu mpaka shingoni! Nikamwambia tukutane kituoni saa tatu asubuhi, nikatoka kabla sijaharibu.

Nilikuwa bora kabisa leo.

Jumamosi, 7 Septemba

Naandika ndani ya treni. Herufi zinarukaruka. Ni reli mbovu.

Nimefika kituoni mapema, koti la harusi, viatu vinang'aa. Saa tatu, Leokadia hayupo. Treni ikaja, hayupo. Kondakta akaniuliza bwana unapanda au unapamba mlango? Ningeweza kumpigia simu. Lakini mimi nimpigie mtu aliyenisimamisha kama nguzo mbele ya abiria wote? Nikapanda. Nimelipia vyumba na nitavilalia vyote viwili.

Tulipopita mji wa Kutno simu ikalia. Leokadia. Nikaitazama. Ikalia tena. Mama aliyekaa mbele yangu akasema, "Babu, simu yako." Nikamwambia naisikia. Ikanyamaza. Nilitaka naye ajue kungoja kunavyouma.

Kisha nikaingoja ilie mara ya tatu. Haikulia tena. Nje kulikuwa na mvua njia nzima.

Jumapili, 8 Septemba

Bi Zuzanna kaandaa sahani mbili asubuhi. Nikamwambia mwenzangu amepata dharura ya kifamilia. Akaiacha ile sahani pale pale mbele yangu, na uma wake, na kikombe chake. Nikala mayai nikiitazama.

Nikaenda misani. Nikaingia kanisa la kwanza nililoliona. Nimekaa, nimevua kofia, nikaona hakuna Bikira Maria hata mmoja. Kumbe ni la Kilutheri! Huku nusu ya watu ni Walutheri, nilikuwa nimesahau. Mtu mwingine angenyanyuka. Mimi sikutaka waone nimekosea njia. Nikakaa mpaka mwisho. Nikaimba tenzi zao zote, kwa sauti, bila kujua hata moja. Mwisho mchungaji kanishika mkono mlangoni, kasema wanahitaji sauti nzito kwenye kwaya, nimehamia lini? Nikasema wiki iliyopita.

Angekuwapo Leokadia angecheka mpaka aketi chini. Hucheka ameshika mbavu, kama anayezuia zisitoke.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepanda mlima peke yangu. Magoti yangu ni ya fundi, yamepigwa mbele ya majiko maisha yote, lakini nimefika juu. Kuzuri. Siwezi kusema uongo, kuzuri sana. Ukungu chini, misonobari juu, harufu ya jibini la moshi kutoka kibanda cha wachungaji.

Nikaona nifanye mazoezi. Nikavua kofia mbele ya msonobari mmoja uliokuwa na umbo zuri. Nikasema, "Usiende."

Sauti ikatoka nyuma yangu: "Hauendi, baba. Una mizizi."

Mchungaji wa kondoo, na mbwa wake. Wote wawili wananitazama. Nikamwambia nilikuwa nakagua mbao. Kasema, ndiyo, nazo zilionekana zimeguswa moyo.

Lakini nimeweza kulisema! Lilitoka lenyewe, laini, bila kukwama. Mahali pake palikuwa hapa hapa, saa hii hii, na aliyelisikia ni mti.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimerudi. Nilipanga nisipite kwa Leokadia mpaka aje mwenyewe kuniomba radhi. Nikapita kwa sababu mtaa ni mmoja.

Mlango kafungua, mafua yamemkaba. Kasema, "Umetosheka?"

Jamani. Alikwenda mtoni! Jumamosi saa tatu alikuwa ameketi kituo cha boti, pale ukingoni, na blanketi, na nguo ya kuogelea ndani ya gauni, na keki ya jibini aliyooka usiku kucha. Ananingoja mimi twende Wisła, mto! Mvua ikamkuta hapo hapo. Akanipigia simu, maana alidhani nimeanguka bafuni. Alidhani nimekufa, kasema. Ndiye Teofil aliyemkuta kwenye mvua na mwavuli wake wa kuvulia, akamrudisha nyumbani. Keki wameila wao.

Nikamwambia hata mtoto wa shule anajua Wisła ni mji.

Kasema, "Mimi nilikwambia naiona dirishani, Bwana Hieronim. Kichwa chako kilikuwa wapi?"

Nikasema waliouita mto na mji jina moja ndio wa kulaumiwa. Yeye akapenga kamasi. Akasema hataki hotuba. Anataka neno moja tu, nimekosea, halafu anakoka jiko tunakunywa chai. Neno moja.

Nikafungua mdomo. Nikaona bomba la jiko lina masizi. Nikamwambia bomba lake lina masizi.

Amenifungulia mlango mwenyewe, nitoke.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya misa, misa ya kweli, nikashuka mpaka kituo cha boti. Sikuwa na shughuli. Nikakaa kwenye lile benchi.

Benchi baya. Halina pa kuegemea. Upepo wa mto unaingia moja kwa moja kwenye figo. Na Leokadia alikaa hapa na mgongo wake ule mbovu.

Teofil alikuwa pale chini na ndoano. Hakunicheka, ndiyo maana nilikasirika. Kasema Leokadia bado hajampigia binti yake. "Anangoja, Hieronim. Nenda sasa hivi na hilo koti lako. Angekuwa ananingoja mimi, ningekuwa nimefika." Nikamuuliza kama anataka kunifundisha mimi kutembea. Kasema hapana, miguu ninayo.

Nilifika mpaka mlangoni pake. Nikasikia anaimba ndani, kwa pua iliyoziba. Nikaona si vizuri kumkatiza mtu anayeimba.

Jumapili, 29 Septemba

Ameondoka.

Tulimsindikiza mpaka kwenye treni, mimi na Teofil. Teofil kabeba sanduku. Mimi nilibeba lile neno la mlimani, nimelifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, nikinyoa. Leokadia akaketi, akateremsha dirisha. Alivaa skafu ya kijani. Hakuangalia saa, hakuangalia sanduku, aliniangalia mimi.

Kasema, "Bwana Hieronim. Una la kuniambia?"

Nikavua kofia. Nikasema, "Gdynia kuna unyevu. Majiko yao ni ya gesi."

"Ni hilo tu?"

Nikasema na dirisha hilo alifunge, atapigwa na upepo.

Akalifunga. Treni ikaondoka. Nilitembea nayo kidogo, mpaka mwisho wa sakafu ya kituo. Alikuwa anasema kitu nyuma ya kioo, sikusikia. Nilikuwa nimesimama na kofia mkononi kama siku ile mlimani.

Teofil akaja nyuma yangu. "Kondoo wewe," kasema. Taratibu tu, kama anayesema habari za jioni. Halafu tukarudi kwa miguu. Dirishani kwa Leokadia mapazia yametolewa. Bomba halitoi moshi. Jiko zuri kama lile, limepoa.

Jumatano, 23 Oktoba

Sikuandika kwa sababu hakukuwa na la kuandika. Leo lipo!

Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kwamba nilimwambia mapema. Ningemwambia papo hapo, tayari nina tiketi mkononi, asingepata nafasi ya kwenda mtoni. Basi nakwenda Gdynia mwenyewe, bila kupiga simu. Nitagonga mlango wa binti yake, nitavua kofia, nitasema Leokadia, vaa koti. Na kutoka pale moja kwa moja treni ya kusini, mpaka Wisła. Kwa Bi Zuzanna nimeshaweka oda ya vyumba. Kauliza bibi anajua safari hii? Nikamwambia bibi atashangaa.

Nimechagua Ijumaa, tarehe mosi Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote. Siku hiyo kila mtu yuko makaburini na mishumaa kwa watu wake, hakuna wa kunisumbua njiani. Teofil alinishika mkono sokoni, akaanza kunieleza kitu kuhusu siku hiyo, kuhusu Leokadia na kaburi la marehemu mumewe hapa juu kilimani, kwamba alimsoma midomo nyuma ya kioo cha treni siku ile. Nikamwambia akaparue samaki. Nimechoka na maelezo yake.

Tiketi ninayo. Dada wa dirishani kaniuliza kama nina hakika na tarehe. Kasema kuelekea Gdynia siku hiyo mabehewa yatakuwa matupu kabisa, wote wanakuja huku.

Vizuri sana. Nitanyoosha miguu.