Sikio la Mtaa Latimiza Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na ambaye kiti chake nimekikalia mimi ili kisipoe; Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, yaani mimi Mwenyekiti na kinyozi; Mheshimiwa Fundi Viatu, Mwenyekiti wa Kamati ya Wasikilizaji; Mheshimiwa Fundi Simu, mshauri wetu wa teknolojia, uliyefika leo bila kualikwa, ukiwa na spika zako na bisibisi mkononi; shemeji yangu mpendwa, mjane wa marehemu kaka yangu, uliyekaa mstari wa mbele na mkoba magotini kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani; ndugu wadau wote, pamoja na nyinyi mliojibanza mlangoni kwa sababu ya mvua: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya kinyozi.)

Ndugu wadau, leo huduma yetu ya podikasti na usambazaji wa sauti kwa njia ya mtandao, ijulikanayo kitaalamu kama Sikio la Mtaa, inatimiza mwaka mmoja, nami nasimama mbele yenu katika makao makuu haya, ambayo wenye husuda wanayaita stoo ya magodoro, bila kuelewa kwamba haya magodoro yaliyosimamishwa ukutani ni akustiki, yaani ya kuzuia mwangwi, na kwamba niliyasimamisha mwenyewe, peke yangu, kwa mgongo huu huu mnaouona. Shule mimi nilipita kwa nje nikienda kwingine, hilo silifichi, lakini nitajieni msomi mmoja wa mtaa huu mwenye platifomu. Hakuna? Basi.

Nikiingia kwenye takwimu, tumezalisha vipindi arobaini na saba vya kontenti ya kimkakati, kila kimoja na kichwa chake cha habari na picha yangu, ikiwemo ile niliyovaa tai. Wasikilizaji wameongezeka kwa asilimia mia mbili, kutoka mmoja hadi watatu, ukimhesabu Fundi Viatu, ukihesabu simu yangu ya pili, na yule bwana wa ng'ambo aliyebonyeza akidhani ni matangazo ya mpira, ambaye hata hivyo alikaa nasi sekunde nne nzima. (Minong'ono. Fundi Viatu: "Mwenyekiti, mimi kila nikifungua kipindi nasikia kimya tu.")

Nashukuru kwa maoni hayo, Mheshimiwa. Kimya hicho ndicho ubora wenyewe. Huduma za wenzetu zina mikwaruzo, zina mbwa wanabweka, zina mtu anatafuna. Sisi sauti yetu ni safi kiasi kwamba haikwami popote, hata sikioni. (Kicheko mlangoni.) Wanaocheka waandikwe, halafu waendelee kujikinga mvua huko huko nje.

Siri ya ubora huo, ndugu wadau, ni uongozi. Kinasa sauti hiki hakuna mwingine anayekigusa. Mgeni anaketi kiti kile cha plastiki, mimi nanyoosha kidole, nabonyeza kitufe chekundu mara moja, taa inaanza kukonyeza, na inakonyeza mwanzo mpaka mwisho wa kipindi bila kuchoka. Nasisitiza, mara moja. Niliposa kwa kusema mara moja, nilijiuzulu ukarani wa ghala kwa kusema mara moja, na sijawahi kubonyeza kitu mara mbili kama mtu asiyejiamini. (Fundi Simu: "Mzee, hapo hapo sasa." Anakaribia meza.) Mheshimiwa, maswali mwisho. Unganisha spika zako, na unganisha kwa adabu.

Sasa nigusie suala mtambuka la shemeji. Ni kweli, na silikwepi, kwamba wiki chache kabla ya kututoka, kaka alijikokota mpaka hapa akiwa na koti lake la kijivu, akaketi, nikabonyeza, akazungumza. Ni kweli kwamba alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Kuna neno nimekuachia, utalisikia kwenye Sikio la Mtaa." Na ni kweli kwamba tangu mazishi shemeji amekuja hapa kila Jumatatu kulisikiliza, nami kila Jumatatu nimemweleza kwa upole kwamba kipindi kinapakiwa, kimefika asilimia tisini na tisa, mtandao ndio unasuasua.

(Shemeji: "Si ulikuwa naye chumbani, shemeji? Niambie tu alisema nini.")

Swali zuri, na jibu langu ni lile lile. Sera ya huduma hii hairuhusu kontenti kusimuliwa. Kontenti inasikilizwa. Nikianza kusimulia mimi, huduma itakuwa na kazi gani?

(Shemeji: "Sitaki huduma. Nataka maneno ya mume wangu.") (Sauti mlangoni: "Mpe mama wa watu.")

Utulivu, ndugu wadau. Ndiyo maana spika zipo. Leo, kama kilele cha maadhimisho, kipindi hicho kitarushwa mubashara mbele yenu nyote, na husuda itakufa kifo cha kawaida. Fundi, washa.

(Kimya. Mvua juu ya bati.)

Ongeza sauti.

(Kimya, kikubwa zaidi.)

(Fundi Simu: "Mzee, nilikwambia siku ya kwanza. Ukibonyeza mara moja kinajiandaa tu, ndiyo maana taa inakonyeza. Ukibonyeza ya pili ndipo kinanasa, taa inatulia. Humu ndani hamna kitu. Vyote arobaini na saba, hamna hata kikohozi.")

Asante kwa ripoti hiyo ya kitaalamu. Naiita changamoto ya mpito. (Fundi Viatu anajishika kichwa. Kinyozi, mjumbe wa Bodi, anatafuta mwavuli wake.) (Shemeji anafunga mkoba.) Shemeji, kaa kwanza. Itifaki hairuhusu mtu kuondoka kabla ya shukrani.

Sikio la Mtaa, (kinyozi peke yake: "Linasikia.") Sauti yako, (hakuna anayeitika) hazina yetu. Sikio la Mtaa, juu. Magodoro, juu.

Kwa hayo machache, nawashukuru nyote mlioketi kiti kile mkamwaga yaliyo moyoni mbele ya mashine iliyokuwa ikijiandaa. Nawashukuru wasikilizaji watatu kwa uvumilivu. Na nawapongeza wote kwa kuadhimisha nami mwaka mzima wa huduma ambayo, kwa taarifa niliyoipokea dakika hii, haijawahi kuanza.

(Shemeji anasimama, anakuja mezani, anabonyeza kitufe chekundu. Anabonyeza tena. Taa inatulia.)

Nani kakuruhusu? Shemeji, kinasa sauti hiki hakuna mwing...

(Shemeji: "Sema.")

Mbele ya wadau wote hawa?

(Shemeji: "Waliitwa wasikilize.")

Haya. Kwa kibali maalumu cha Mwenyekiti, na bila kuvunja sera, kwa kuwa sasa inasikilizwa. Alikaa hapo. Koti hakuvua. Alisema, "Mwambie mke wangu asiache kuimba akifua. Miaka yote nilimwambia ananipigia kelele, na kila akianza nilikuwa nasogeza kiti dirishani nimsikie. Tangu niugue ameacha, anadhani nahitaji utulivu. Nyumba imekuwa kama imehamwa."

Halafu akakohoa. Kikohozi sikiigi.

(Mvua. Taa imetulia.)

Ni hayo tu. Fundi, usizime. Mwache shemeji aimbe, akitaka.