Vile Karambu Aliteka Kona ya Ubao kwa Pini Nne

Nyamazeni, enyi watu wa Nkubu, na nyinyi wa Embu mnaojiona mmeona vita! Zimeni simu, vuteni viti vya plastiki karibu, na mwenye kutafuna atafune polepole. Nawasimulia vile Karambu binti Kiunga, Simba wa Form Two, Mwenye Penseli Isiyotetemeka, aliteka kona ya ubao wa matangazo wa kanisa letu, eneo kubwa kama sahani ya githeri.

Kona hiyo haikupeanwa kwa mchezo. Pasta wetu, mtu wa amani na wa kuogopa simu za wazee, alimwambia: "Karambu, chora katuni, kanisa licheke kidogo. Lakini mtu mmoja tu akikwazika, hiyo kona inarudi kwa kamati ya choo." Na kukwazika kwa kanisa letu ni kipaji. Kuna waliokwazwa na gitaa. Kuna aliyekwazwa na mgeni kukalia kiti chake, akahama kanisa wiki tatu. Lakini Karambu, aliyechora miaka miwili nyuma ya daftari za hesabu akifokewa, hakuwa na mahali pengine popote pa kuonyesha picha yake. Akakubali.

Jumapili ikafika. Kabla ya kengele, akadunga karatasi yake kwa pini nne, kama mtu anayesimamisha bendera kwa kilele cha Mlima Kenya. Kwa picha, mtu mwenye upara ameshika maikrofoni anasema, "Tangazo moja fupi tu." Mbele yake yai la sadaka limeshaanguliwa, kifaranga kimekuwa kuku, na kuku amelalia mayai yake.

Sasa, katibu wetu ni Mzee Mutugi, Jemadari wa Maikrofoni, mwenye kichwa kinachong'aa kama sufuria mpya. Siku hiyo hiyo alisimama akasema, "Wapendwa, nina tangazo moja fupi tu," na akaketi baada ya saa moja na dakika kumi. Watoto walilala, wakaamka, wakalala tena.

Ibada ilipoisha, majeshi yakajaa mbele ya ubao. Mama Nelius, kiongozi wa akina mama, alicheka mpaka akashikilia nguzo. Halafu watu wakapisha njia. Jemadari amefika. Akavaa miwani, akaisoma ile katuni kama barua ya korti. Simba wa Form Two alikuwa amejificha nyuma ya Mama Nelius.

"Nimekwazika," akanguruma Mutugi.

Mkono wa pasta ukaenda kwa pini ya kwanza.

"Pole, Katibu," Mama Nelius akasema. "Umekwazwa na nini?"

"Na hii kichwa! Mimi niko na upara tangu lini?"

"Kwani huyu ni wewe?"

Pini ya kwanza ikakwama nusu.

"Sijasema ni mimi."

"Sasa umekwazika kwa niaba ya nani? Ya kuku?"

Mutugi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona amezingirwa pande zote. Ndipo akainua mkono na kuhutubia mataifa: "Wapendwa! Mimi niliyetumikia hii kanisa tangu ikiwa ya mabati natangaza mbele yenu: huyu mtu simjui! Huyu ni wa hizo makanisa zingine, zile hazijui kuheshimu saa. Mtoto amechora ukweli. Iachwe hapo, wajionee!"

"Amina!" likapasuka kanisa zima.

Pasta akasukuma pini ndani tena na kidole gumba, polepole, kama mtu anayetia muhuri. "Jumapili ijayo," akamwambia Karambu, "leta ingine."

Jumatano tulipita kanisani na Karambu kufagia. Mtu asiyejulikana, asiyejulikana kabisa, alikuwa amemwongezea yule mtu wa katuni nywele kwa biro ya bluu, nyingi, zimechanwa upande. Karambu akaziangalia kwa muda mrefu, akatoa penseli, akazitia kivuli vizuri ili zikae za ukweli. Hivyo ndivyo mkataba wa amani ulitiwa sahihi pande zote mbili. Watakaoandika historia ya Meru waache ukurasa mzima.