Ombi la Kurudishiwa Taa Inayofifia

Ambakisye Lameck,
Bondeni, Kyela.

Kwa Meneja,
Ofisi ya Umeme.

Ndugu Meneja,

YAH: TAA YANGU YA SEBULENI KUTENGENEZWA

Bwana apewe sifa. Sisi hapa Bondeni ni wazima wa mwili, na tunakuombea nawe uwe hivyo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua unapokea barua nyingi za watu wanaolalamika kwamba taa zao haziwaki vizuri. Hii si mojawapo. Mimi nalalamika kwamba ya kwangu inawaka vizuri, na kwa sababu hiyo mkwe wangu ataondoka Jumamosi na mjukuu wangu. Naomba unisikilize kwa utaratibu, kwa namba, kama tulivyofundishwa darasa la saba.

1. Taa hiyo ilianza kufifia mwezi wa pili. Ukiiwasha jioni kwa ajili ya ibada ya familia inaanza vizuri. Tukimaliza wimbo wa pili inashuka, inashuka, mpaka inabaki kama kaa la moto lililosahauliwa. Sikukimbilia kwako. Nilibadilisha balbu mara tatu. Ile niliyoitoa nikaipeleka chumbani, huko ikawaka kama imeokoka. Nikamkataza mke wangu Tusekile kupiga pasi wakati wa ibada. Nikamshuku jirani yangu Ambrose na mashine yake ya kukoboa mpunga, nikamnunia wiki nzima, kumbe hata Jumapili akiwa amefunga mashine taa inafifia vilevile. Nilimwomba radhi. Ndipo nikaja kuandikisha tatizo ofisini kwako. Hakuja mtu. Kusoma andiko sikuweza tena, na lile moja nililolikariri tangu kipaimara nililirudia siku arobaini, mpaka Tusekile akaanza kulimalizia kabla yangu.

2. Mwezi wa tatu mke wa mwanangu, Asifiwe, alikuja kukaa kwetu na mtoto mchanga, Lusungu, kwa kuwa mwanangu Edwin yuko machimboni Chunya. Hapa nikufafanulie, kama wewe si mtu wa huku. Kwetu Wanyakyusa, baba na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Wengi siku hizi wameacha, na mchungaji wetu amesema kuacha si dhambi. Lakini mama yangu mzazi alimuuguza babu yangu, yaani baba mkwe wake, miezi miwili bila kumtazama. Uji aliuweka mlangoni, akageuka, akakohoa. Mtoto wa mama yule hawezi kuamka siku moja akaanza kumkodolea macho mke wa mwanawe. Basi mchana mimi nilikuwa shambani kwenye kokoa, jioni yeye yuko jikoni. Mjukuu nilimjua kwa sauti tu.

3. Sasa sikia kazi ya Mungu. Jioni moja, wimbo wa pili ulipoisha na taa ikashuka, Asifiwe aliingia kimya na mtoto, akakaa karibu na mlango. Mimi nilimwona yeye kama kivuli, naye aliniona mimi kama kivuli, na kivuli hakina mkwe. Kesho yake hivyo hivyo. Miezi minne, Meneja, tumesali chumba kimoja na kula wali na samaki chumba kimoja. Nimemsikia Lusungu akicheka katikati ya maombi yangu marefu. Mila haikuvunjwa na nyumba haikugawanyika. Nikaacha kabisa kulifuatilia lile tatizo, nikawa naliombea lidumu.

4. Jumanne iliyopita fundi wako Gwamaka alikuja ghafla. Nilidhani hatimaye mmefika kwenye jina langu. Ni mtu mwenye adabu, sina neno naye. Akapanda, akafungua holda ya balbu, akasema, Mzee, waya umelegea hapa; ukipata moto unaachia, ndiyo maana taa inashuka, tena umeanza kuungua, nyumba hii ingeweza kushika moto. Nikamwambia tangu mwezi wa pili haijashika. Akanitazama. Akakata palipoungua, akaunganisha upya, akakaza skrubu, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Chai niliyokuwa nakunywa ilikuwa haijapoa. Hakuuliza katika nyumba hii anaishi nani na nani.

5. Jioni ile wimbo wa pili ukaisha, Asifiwe akaingia kama kawaida. Taa haikushuka. Iliwaka mpaka nikamwona buibui darini ambaye sikuwahi kumjua. Mimi, kwa heshima zote, nikafunika uso kwa kitabu cha nyimbo na kukishikilia kwa mikono miwili. Nikasikia miguu yake ikisimama, kisha ikarudi ilikotoka. Tangu siku hiyo anakula jikoni. Juzi amemwambia Tusekile kwamba Jumamosi anarudi kwao Ikombe, ng'ambo ya Matema, kwa mama yake mfinyanzi wa vyungu. Anakwenda na Lusungu. Huyo mtoto sijawahi kumshika hata mara moja.

6. Nimejaribu mwenyewe kuirudisha taa katika hali yake. Nilitoa balbu kabisa, Tusekile akakanyaga bakuli la mboga. Niliwasha kibatari, moshi ukaenda moja kwa moja jikoni kwa mtoto. Nilipaka balbu udongo wa kufinyangia, ulipokauka ukadondokea kwenye wali, tukala hivyo hivyo mimi na mke wangu.

7. Kwa hiyo naomba fundi Gwamaka arudi kabla ya Jumamosi, alegeze ile skrubu kama alivyoikuta. Kama taratibu haziruhusu kuharibu nyumba moja, basi punguza umeme mtaa mzima kuanzia wimbo wa pili, yaani kama saa moja na nusu jioni. Ambrose atanuna, lakini naye ana mkwe. Kama mtaa ni kitu kidogo mno kwa ofisi yako, fanya wilaya nzima. Saa hizo mpunga umeshakobolewa na mwenye safari ya Mbeya ameshaondoka. Hospitali iachwe, mimi si mtu mbaya. Na kwenye fomu ya kuomba umeme iongezwe nafasi ya kujaza: mwombaji ana wakwe wangapi, na je, wanatazamana? Kuna nyumba nyingi zitapona kwa fomu hiyo.

Nakuombea maisha marefu na umeme wa kiasi. Wasalimie makarani, na mlinzi wa getini, na mama wa nyumbani kwako. Kama una mkwe, naye msalimie, ila ukiwa umeangalia pembeni. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Wako katika mwanga uliozidi,

Ambakisye Lameck,
Mzee wa Kanisa.

Baada ya sahihi: Meneja, barua hii nilimpa Tusekile anisahihishie, naye akaisoma kwa sauti jikoni. Mimi nilikuwa barazani. Alipomaliza namba tano nikamsikia Asifiwe akisema, Mama, kumbe baba alikuwa ananiheshimu? Imebainika kwamba aliyekuja ofisini kwako Jumatatu, mtoto mgongoni, akambembeleza Gwamaka mpaka akakubali kuja kuitengeneza taa, ni yeye. Alikuwa amechoka kusali na kivuli. Nyumbani kwao baba mkwe anasalimiwa uso kwa uso, na alitaka nimwone Lusungu. Taa ilipokataa kushuka, kitu cha kwanza alichokiona ni mimi nimejificha nyuma ya kitabu, akajua simtaki, wala mtoto simtaki. Ningeichana barua, ila Tusekile anasema Gwamaka afikishiwe shukrani. Tafadhali usiguse waya wowote, si hapa wala wilayani. Asifiwe ameingia sasa hivi, taa ikiwaka yote, akaniwekea mtoto magotini bila kuniuliza. Ndiyo maana mwandiko umepinda. Jumamosi haendi. Mtoto nimemtazama kuanzia utosini hadi miguuni. Mama yake nimefika kidevuni. Kesho, Mungu akijalia, nitapanda hadi machoni.