Tolliver na Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Februari
Tumefungwa tena kwenye kikapu. Tolliver, miaka thelathini na saba, anakimbia kana kwamba kabeba gunia la chumvi. Zamani akiruka, jiji letu zima la Toledo linashika kichwa. Nimepiga simu kipindi cha michezo redioni: abadilishwe na mchezaji wa timu nyingine kabla ya Alhamisi saa tisa, dirisha la usajili likifungwa tumekwisha! Aliyepiga baada yangu ni shemeji yangu Chester. Eti mimi, Gene Kosinski, nikitupa karatasi huikosa hata ndoo ya taka. Mke wangu Lorraine kacheka, tena jikoni kwangu! Anampenda Tolliver huyo, humwambii kitu.

Jumanne, 3 Februari
Usingizi hakuna. Nimepata wazo! Kiti cha kubembea, cha wazee. Nitakiweka uwanjani, kwenye mlango wanaoingilia wachezaji, Tolliver ajionee mwenyewe kwamba kazeeka. Nyumbani kipo kimoja, cha marehemu mama mkwe. Lorraine hukikalia kila jioni akifuma. Nakiazima tu, yeye akiwa kazini.

Jumatano, 4 Februari
Balaa! Nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua: nyota akikaribia kustaafu, kiti cha kubembea ndiyo zawadi ya heshima. Tolliver kashuka garini, kakiona, kanikumbatia. Machozi! Akasema mzee wangu, miaka yote hii hakuna aliyenifikiria hivi. Makofi. Kamera. Ningesema nini? Nikamwambia karibu. Kiti kikaingia ndani.

Lorraine kaona yote kwenye televisheni. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali. Kasema ndicho mama yake alichokalia akimnyonyesha, kisha kahamia kwa kaka yake Chester. Bila kiti harudi. Naogopa. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Alhamisi, 5 Februari
Tangu asubuhi napiga simu redioni nikiomba Tolliver abaki, maana akiondoka kiti nacho kinaondoka! Nimesema utu uzima dawa. Mtangazaji kauliza kama ni Gene yuleyule. Nikajibu ni pacha wake. Haikusaidia. Kabla ya saa tisa habari ikatoka: Tolliver anakwenda Denver, anakuja kijana Pruitt, miaka ishirini na mbili. Chester kanipigia kunipa hongera. Mshenzi.

Ijumaa, 6 Februari
Nimesimama kwenye theluji mlangoni kwa Tolliver. Alikuwa akifungasha, kiti kikiwa kati ya masanduku. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikuja kumkejeli. Kacheka mpaka kakohoa. Kumbe redio huisikiliza kila siku garini, na sauti yangu anaijua vizuri. Akasema magoti yake yamekuwa upande wangu tangu mwaka jana. Nikaona aibu, aibu ya kweli.

Kakibeba kiti mwenyewe, kanifuata mpaka kwa Chester, kamkabidhi Lorraine mkononi. Lorraine katokwa machozi. Chester kataka kupiga picha na Tolliver, mimi nikaambiwa nisogee.

Jumanne, 10 Februari
Lorraine yupo nyumbani, anafuma. Nina raha isiyo kifani. Nimemwapia: redio basi, mdomo wangu nimeutia kufuli.

Leo ndiyo mechi ya kwanza ya Pruitt. Kakosa mitupo miwili ya bure! Tolliver huko Denver kafunga pointi thelathini! Nimevumilia mpaka mapumziko, nikaenda na simu gereji. Nimesema Pruitt kaisha, abadilishwe haraka. Mtangazaji akanikumbusha kwamba dirisha limefungwa mpaka msimu uishe. Nikamwambia najua, lakini lazima tuanze mapema, kabla Lorraine hajaanza kumpenda na huyu.