Soli za Mkaguzi

Waliompa jina la Sabuni hawakumaanisha usafi. Na asubuhi hiyo Sabuni aliiona riziki yake kabla hata chai haijapoa.

Ng'ambo ya barabara, foleni ya wafanyabiashara ilikuwa imetoka mlangoni mwa ofisi ya manispaa, ikapinda kona, ikaishia kwa kinyozi. Vibanda vya soko jipya vilikuwa vinagawiwa: anayewahi anapata, vikiisha vimeisha. Mara askari wa mlangoni akamshika mkono mzee mwenye fimbo nyeupe, akampitisha mbele ya umati mzima, na hakuna aliyenung'unika. Juu ya mlango bango jipya lilisema: WATU WENYE ULEMAVU HAWAPANGI FOLENI.

"Ubinadamu bado upo," Sabuni alisema, machozi yakimlengalenga. Yalikuwa machozi ya kweli. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Shida ni kwamba mikono ilikuwa myepesi zaidi.

Shangazi yake alikuwa na kiti cha magurudumu tangu alipovunjika nyonga. Siku hizi alitembea, ila jioni alikikalia uani, na alikipenda kuliko ndugu zake wote.

"Nakiazima, shangazi. Kuna jamaa miguu imemkataa."

"Kirudi kabla ya magharibi. Na usikikalie wewe."

Muda si mrefu Sabuni alikuwa amekikalia, blanketi magotini. Chini ya blanketi kulikuwa na fomu za maombi ya vibanda za wauza mitumba waliokata tamaa mkiani mwa foleni, pamoja na pesa za kishika uchumba walizompa ili awatangulie.

Njia ya mteremko ya ofisi ile ilijengwa kwa ajili ya picha. Mkurugenzi alipigwa picha amesimama juu yake, akicheka, na tangu hapo ikahesabiwa kuwa imeshafanya kazi yake. Ilikuwa imesimama kama paa la nyumba. Sabuni alipanda, akarudi kinyumenyume hadi barabarani. Akapanda tena, akarudi tena, safari hii blanketi nalo likateleza, viatu vikabaki wazi. Mwishowe askari akaja kumsukuma.

"Jikaze, kaka, tusiaibike," askari alihema. "Leo bosi hana raha. Kasikia wakaguzi wa wizara wanapita kimya kimya, hawajitambulishi."

Sabuni akaliweka neno hilo kichwani, kama mtu anavyoficha kijiti cha meno mfukoni.

Ndani, kaunta ilikuwa juu kuliko utosi wake. Akausalimia ubao.

"Nani anaongea?" karani aliuliza.

"Mimi. Huku chini."

Uso wa karani ukachungulia kutoka juu. "Ah, pole. Vibanda ni ghorofa ya pili. Panda ngazi, mlango wa kushoto."

"Nipande na nini, dada?"

Karani akafikiri kwa moyo safi. "Wengine huwa wanakuja na watu wao wa kuwabeba."

Kando ya ngazi alikuwapo yule mzee wa fimbo nyeupe, na mwanamke mwenye kiti cha magurudumu kama yeye, mfuko wa nyundo na misumari mapajani. Walikuwa wamepitishwa kwa heshima, kisha wakasahauliwa kwa heshima.

"Karibu kwenye foleni ya wasiopanga foleni," mwanamke alisema. "Mimi fundi viatu. Kibanda changu kilibomolewa, sasa nashonea kwenye baraza za watu mpaka wanichoke. Nikikosa leo, sina tena pa kufanyia kazi." Kisha akainamisha macho, akanong'ona: "Soli zako zimelika, kaka."

"Eh?"

"Kisigino cha kulia, upande wa nje. Huyo ni mtu anayetembea sana. Tena anayetembea huku anaangalia nyuma."

"Mimi sijaziona," mzee aliongeza, "ila tangu afike anatikisa mguu mpaka kiti chake kinagonga benchi langu."

"Dada yangu, damu yangu..."

"Usinipe undugu wa ghafla. Sijasema kitu. Ila askari pale ni mteja wangu."

Sabuni akavuta blanketi hadi kwenye viatu. "Unataka nini?"

"Ulimi wako. Afisa wa vibanda ashuke hapa, kabla havijaisha."

Sabuni akanyoosha kola. Akamwita karani kwa sauti ya chini, ya mtu asiye na haja ya kupiga kelele.

"Mwambie mkurugenzi nimemaliza sehemu ya kwanza."

"Ya nini?"

"Yeye ataelewa."

Mkurugenzi alishuka ngazi huku akifunga vifungo vya koti. Ieleweke kwamba Sabuni hakusema popote kuwa yeye ni mkaguzi. Alijiheshimu mno hata asiseme uongo mahali ambapo kimya kilitosha.

"Mheshimiwa, umewahi kupita njia yako ya mteremko?"

"Mara nyingi sana."

"Umekaa?"

Sabuni akasimama. Karani akashika kifua, lakini mkurugenzi akatabasamu kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

"Karibu kiti," Sabuni alisema.

Foleni nzima ilishuhudia mkurugenzi akipanda mteremko wake kwa jasho, kisha akirudi kinyumenyume na tai ikipepea, hadi kwenye mikono ya wauza mitumba waliokuwa wamesogea kutazama. Aliporudishwa ndani hakuhitaji kushauriwa.

"Teremsheni meza ya vibanda!" aliita. "Na afisa wake! Na kesho nataka mwashi!"

Meza ikashuka. Fundi akapewa kibanda cha karibu na lango, mzee akafuata. Ndipo Sabuni akachomoa maombi yale ya wauza mitumba kwa ustaarabu.

"Haya ni nini tena?" mkurugenzi aliuliza.

"Ya majaribio, mheshimiwa," fundi alidakia. "Anapima kama kuna atakayempendelea. Wenyewe wako nje, na sasa foleni inakwenda."

Ilikuwa inakwenda kweli. Wauza mitumba walifika mezani kwa miguu yao, wakachukua maombi yao, wakachukua na kishika uchumba chao.

"Na kiti hiki?" mkurugenzi aliuliza.

"Mkaguzi ametuachia," fundi alisema, "kwa yeyote anayeletwa hapa mgongoni mwa mwanawe."

Mkurugenzi akapiga makofi. Sabuni akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haukutoka hata upepo. Fundi alikuwa anamwangalia viatu.

Shangazi alisikia kisa chote magharibi, akacheka mpaka akashika nyonga.

"Basi kikae huko," alisema. "Mimi nitakalia chako." Akaketi kwenye kochi la Sabuni, na hajaondoka hadi leo.

Wiki iliyofuata askari alimkuta Sabuni akinywa chai.

"Mkaguzi, meza imeanza kupandishwa ghorofani tena. Fundi anasema uende."

"Mwambie nimesafiri."

"Alijua utasema hivyo. Anasema upite kibandani kwake kwanza, akubadilishie soli bure. Kazi yako mpya ina kutembea kwingi."