Hadithi ya Kinywa-Nyuma Niliyoiandika Mchana

Jumatatu, 8 Juni 1953. Kabambare.

Nimepata wazo! Gazeti la misheni ya Kasongo linatafuta hadithi za kale za kutisha. Itakayoshinda itachapwa ukurasa mzima, jina la mwandishi juu kwa herufi nene: MICHEL. Yakubu, fundi cherehani, atalisoma akiwa na pini mdomoni na atazimeza zote.

Huyo Yakubu ananichosha roho. Kila magharibi nusu ya Kabambare wamejazana barazani kwake kusikiliza ngano. Mimi, karani wa mizani ya pamba, mwenye cheti, nikianza kusimulia watu wanakumbuka ghafla kwamba kuku wao hawajafungiwa.

Nimechagua Kinywa-Nyuma. Marehemu bibi alikuwa akinitishia nalo: jitu lenye sura nzuri kama bwana harusi, lakini kisogoni lina kinywa cha pili, na hicho ndicho kinachokula watu. Kwa hiyo halimpi mtu mgongo kamwe. Usiku huu nitalala vizuri sana.

Jumanne, 9 Juni.

Nimeanza! Naandika saa sita mchana, ghala la pamba likiwa tupu. Nasoma kila mstari kwa sauti nisikie kama unatisha. Unatisha.

Mke wangu Apolline, mwenye mimba kubwa, aliniletea maji, akanisikia, akapiga kelele. Akasema kwao Lusangi hakuna anayesimulia jua likiwaka. Jioni msimulizi anaita, watu wanaitikia, mwisho unasemwa, hadithi inakwenda kulala. Mchana watu wako shambani, hakuna wa kuitikia. Basi anaitikia yule yule ambaye hadithi inamhusu.

Nikamweleza kwa upole kwamba kuandika si kusimulia. Akauliza mbona basi midomo yangu inacheza. Nikamwambia arudi nyumbani.

Alhamisi, 11 Juni.

Nimepelelezwa!

Nilikuwa peke yangu ghalani. Nikasoma kwa nguvu: hapo kale palikuwa na jitu. Nje ya ukuta mtu akaitikia, "Eee, lilikuwako." Polepole, kwa sauti nzito, kama aliyeamshwa usingizini.

Nikatoka mbio. Hakuna mtu. Jua tu, na mbuzi wa jirani wamesimama wote wakitazama upande mmoja, hawatafuni. Nikaenda moja kwa moja kwa Yakubu kumfumania. Nikamkuta anapima kiuno cha katekista, hana hata jasho. Basi ametuma mtu. Mjanja sana yule!

Jumamosi, 13 Juni.

Siku mbaya. Apolline aliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo ghalani, akaisikia ile sauti kwa masikio yake. Sahani ilimponyoka. Nilipofika nyumbani, kaka yake Pacifique alikuwa ameshafunga mzigo kwenye baiskeli.

Masharti ya Apolline nayaandika kama alivyoyasema: "Enda ku baraza ya Yakubu magaribi. Simulia yote mupaka mwisho, watu waitikie, ile kitu ikalale. Kama hapana, mimi na mutoto hatutarudia."

Barazani kwa Yakubu! Nimpe hadithi yangu bure, kesho aishone upya kama suruali ya marehemu! Nimekataa. Wakaondoka kwenda Lusangi kwa mama mkwe.

Jikoni hakuna moto. Nimelia kidogo. Nampenda sana Apolline, na hajui kusoma tu ndiyo maana haelewi.

Jumapili, 14 Juni.

Nimepata msikilizaji!

Baada ya misa alibisha hodi bwana mmoja, mrefu, mzuri wa sura, suti nyeusi, kofia imeshuka mpaka shingoni. Akasema amekuwa akinisikiliza nje ya ghala, na hadithi yangu imemfurahisha kuliko kitu chochote tangu zamani. Kumbe ndiye aliyeitikia! Yakubu hakuhusika. Sitamwomba radhi.

Nilimsomea mchana kutwa. Hakupiga mwayo hata mmoja. Kila nilipotua aliitikia "Eee", na nyumba ikazidi baridi mpaka nikavaa koti. Chakula hakugusa, alisema atakula baadaye. Kasoro yake ni moja: akicheka, kicheko kinachelewa, na kinatoka kama nyuma yake kuna mtu mwingine.

Alipoaga alitoka kinyumenyume. Mlangoni, uani, mpaka barabarani, ananitabasamia, hakugonga hata kinu. Heshima gani hiyo! Hata bwana mkubwa Mbelgiji hapewi.

Jumatano, 17 Juni.

Ushindi!

Asubuhi Pacifique alikuja. Apolline halali, hali, tumbo linamkaza. Ananiomba kwa jina la mtoto. Nikaona aibu, nikakubali.

Magharibi nikaenda kwa Yakubu. Wote walikuwapo. Mgeni wangu pia, ameegemea ukuta. Nikaita, wakaitikia. Nikaendelea, wakaitikia kwa nguvu zaidi. Akina mama wakavuta watoto mapajani. Yakubu akaacha cherehani! Akanong'ona, "Michel, ule mutu wa ku ukuta ni nani? Umwambie ageuke." Wivu mtupu.

Ikabaki sentensi moja, ile ya kulilaza jitu. Macho yote kwangu. Maisha yangu yote sijawahi kutazamwa hivyo. Nikawaza: nikiwapa mwisho leo, nani atalitafuta gazeti?

Nikafunga mdomo. Nikawatangazia kwamba mwisho watausoma gazetini.

Zogo! Yakubu alinishika shati, akanisihi nimalize. Machozi yalimlenga. Yakubu akinisihi mimi! Nikajitoa mikononi mwake nikaondoka zangu.

Mgeni alinisindikiza, amefurahi kuliko wote. Akasema limebaki jambo moja dogo: mke wangu aambiwe kwamba hadithi imesimuliwa, roho yake itulie. Atakwenda yeye mwenyewe, usiku huu huu, yeye hachoki. Nilikaribia kulia kwa wema huo. Nikamwelekeza: avuke daraja, apite kanisa la Lusangi, nyumba yenye nyasi mpya. Na kwa kuwa mama mkwe hafungulii wageni, nikamfundisha ninavyomwita Apolline nikifika mlangoni.

Akajaribu mara moja. Sauti yangu kabisa! Nimemwambia hivyo hivyo, watafungua bila kuuliza.