Kuku Waliofungwa Siku Tatu

Jumapili, 1 Februari 2026

Mimi nina mkono wa bahati. Naandika mapema ili wajukuu wasije wakabishana. Tangu nianze kufuga kuku wa nyama hapa Mapinga, hajafa hata mmoja. Hata mmoja! Wenzangu wanakwenda semina. Mimi naingia bandani, napiga mluzi, kuku wananenepa. Niliishia darasa la saba, sawa, lakini nimekaa Dubai miezi minne nikibonyeza vitufe vya lifti kwenye hoteli ya ghorofa arobaini. Mtu aliyepanda na kushuka kiasi kile hashindwi na kuku mia mbili.

Leo kaja Bi Khairat, yule wa duka la vitambaa Bagamoyo mjini. Anamwoza bintiye Nawal tarehe 15, kabla Ramadhani haijaingia. Anataka kuku mia na hamsini, wachinjwe Jumamosi tarehe 14. Wangu sasa wana wiki tatu. Siku hiyo watakuwa wamefika tano, vifua kama mito ya sofa.

Sharti moja. Kuku asiwe amelishwa antibayotiki, si kwenye chakula, si kwenye maji. Mumewe, Mzee Hamoudi, mwaka jana alipata kidonda cha mguu. Dawa ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Daktari akasema vijidudu vimeshazoea dawa, na sisi wafugaji tunaomwaga dawa ovyo kwenye mifugo tuna mchango wetu. Bi Khairat kasema vile vijidudu vilikaa mguuni kama wapangaji wakorofi: mwenye nyumba anagomba, wao wanageuza ubavu. Mguu ulibaki kidogo ukatwe.

Nikaapa kundi hili halijaonja dawa. Kweli, halijaonja. Ila stoo kuna paketi ya dawa ya njano, ile ambayo Mapinga nzima tunachanganya kwenye chakula kuku akipiga chafya. Bado haijafunguliwa. Nimeigeuza, jina lake likatazama ukuta.

Huyu mama siwezi kumwangusha. Mwaka juzi Hajra wangu alishikwa uchungu, mtoto kakaa vibaya, na Bi Khairat aliacha duka wazi akatukimbiza hospitali kwa gari lake. Leo Mina wetu anakimbia uani bila nguo. Nilipotaka kumshukuru akanambia nenda zako, mtoto analia. Miaka miwili shukrani imenikaa kooni kama mwiba wa kibua. Sasa nimepata pa kuitoa.

Shemeji Mbaruku, kaka yake Hajra, anafuga ng'ambo ya barabara. Kasikia. Kasema kuku wa kisasa bila dawa ni kama mtu bila kadi ya mwaliko: hafiki kwenye pilau. Nimemjibu wake watafika kwenye pilau wakiwa na vyeti vya daktari.

Jumatatu, 2 Februari

Mpango umekamilika. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano. Viungo viue vijidudu vyenyewe. Akili hiyo nimeitoa Dubai, kwa mpishi mmoja Mhindi ambaye hakuwahi kuugua, ingawa alifukuzwa.

Nimesaga kwa blenda ya Hajra. Nimesaga tena. Blenda imetoa moshi mwembamba, ikapumzika. Moja kwa moja.

Kuku wamekula. Banda zima linanuka jiko la harusi. Mbaruku kapita, kasimama mlangoni, kanusa. Kaniuliza: shemeji, unafuga au unaunga? Kasema nikiongeza mchele tu, nifunike.

Hajra hakucheka. Alikuwa anatoa maranda yaliyolowa pembeni ya vyombo vya maji, anaweka makavu. Kila alfajiri anafanya hivyo. Tabia yake tu. Wanawake wa hapa hawawezi kuona unyevu wakanyamaza.

Jumatano, 4 Februari

Mwarobaini! Unatibu arobaini, kuku anaugua magonjwa mangapi? Nimechemsha ndoo nzima ya majani mpaka maji yakawa kama chai ya shetani. Nimejaza vyombo vyote.

Kuku wa kwanza kanywa. Kainua kichwa. Kanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu niachishwe kazi ya lifti. Baada yake hakunywa mtu. Kuku mia mbili, jua la Februari, bati linalia, nao wamegoma, midomo wazi.

Nikasema watazoea. Hajra kasema watazoea kaburi. Kamwaga yote, kaosha vyombo kwa sabuni, kasuuza, kajaza maji safi. Wakanywa kama watu wa futari.

Mchana kapita Bibi Mifugo, Mwaija, yule binti wa pikipiki. Kaongea sana. Dawa ya kwanza ni sakafu kavu, ya pili hewa, ya tatu maji safi, ya nne chanjo kwa wakati wake. Akauliza nani anatunza daftari la chanjo, limeandikwa vizuri. Hajra akainama kuokota kitu. Mimi nikasema tunasaidiana.

Halafu Mwaija akasema kwamba kuna vijidudu rafiki, vinakaa tumboni vinazuia vile vibaya visipate nafasi. Hata vitu vilivyochachuka kidogo vinaweza kusaidia. KIDOGO, kasisitiza, na vikiwa vichanga.

Vijidudu rafiki! Yaani vinywaji vya mama yangu vilikuwa sayansi. Nimejua la kufanya.

Ijumaa, 6 Februari

Togwa. Uji wa mtama, kimea kidogo, unalala usiku mmoja, asubuhi umechangamka kwa mbali. Mama, Mungu amrehemu, alitulea kwa hiyo, na hatukujua tumbo la kuendesha ni nini.

Tangu jana natia kikombe kimoja kwa kila ndoo ya chakula, kidogo kama alivyosema Mwaija. Na mavi yamekuwa makavu! Mazuri! Sijawahi kufurahia mavi namna hii. Nimemwita Hajra aje aone. Amekuja, ameona, amerudi jikoni.

Baada ya sala ya Ijumaa niliwaeleza watu nje ya msikiti. Walikuwepo kumi hivi. Nilipofika sehemu ya mavi walibaki wanne. Mbaruku alibaki mpaka mwisho, kajifanya anatafuta kiatu.

Nimewaza: kama kikombe kimoja kinafanya hivi, pipa litafanya nini?

Jumanne, 10 Februari

Nina mengi ya kuandika.

Jumamosi nilijaza pipa. Mtama, kimea mara tano, sukari guru ili marafiki wapate nguvu. Nikafunika, nikaliweka juani. Siku tatu. Pipa likaanza kuongea lenyewe: blupu, blupu. Nikamwambia Hajra sikiliza, marafiki wanafahamiana.

Leo asubuhi Hajra kaenda Bagamoyo kumpima Mina uzito. Nikapata nafasi. Nikamwaga togwa kwenye kila chombo cha chakula na kila chombo cha maji. Wakanywa vizuri! Wakapigania!

Baada ya saa moja nimerudi. Ya Rabi. Kuku wameegemeana kama abiria wa basi la usiku. Mmoja anatembea ubavu ubavu. Mmoja kaingia kwenye chombo cha maji akalala humo, kichwa nje, kama tajiri. Mmoja anajaribu kuwika na umri hana, sauti ya bawaba yenye kutu.

Nikajua ni kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima. Nimewaua. Harusi ya Nawal imekufa, na ile shukrani yangu nimeizika kabla ya kuitoa.

Nikakimbilia stoo. Nikashika ile paketi ya njano. Nikaichana kona. Harufu yake ikanipanda puani, na hapo hapo, sijui kwa nini, nikauona mguu wa Mzee Hamoudi. Nilikwenda kumtazama mwaka jana. Ule mguu ulikuwa juu ya mto, naye anatutania sisi wageni ili tusiutazame.

Nilikaa chini kwenye pumba. Nikalia kidogo. Hili wajukuu waruke.

Hajra ndiye aliyenikuta. Kasimama mlangoni na Mina kiunoni, kavuta pumzi moja tu. Kanambia: Baba Mina, kuku hawaumwi. Wamelewa. Nikamuuliza kajuaje. Kasema tumekaa jirani na muuza tembo la mnazi miaka sita, asijue vipi?

Nimefurahi kwa dakika nzima. Wazima! Walevi tu! Kisha nikakumbuka harusi ya nani.

Paketi nimeirudisha. Haikutiwa hata chembe. Naapa, na safari hii bila kugeuza chochote ukutani.

Jumatano, 11 Februari

Mapinga haina ukuta. Saa mbili asubuhi Bi Khairat kapiga simu. Shikamoo yangu haikupata hata marahaba. Kauliza ni kweli kuku wa harusi ya mwanawe wanakunywa pombe? Nikasema walikunywa mara moja. Nikasikia mwenyewe inavyosikika vibaya. Kasema wageni wanatoka Tanga na Unguja, yeye hatawalisha kuku wa kilabuni. Nimpe jibu la mwenye elimu kabla ya adhuhuri, ama atachukua wa Mbaruku, dawa na yote.

Mbio kwa Mwalimu Abdillah wa madrasa. Kanisikiliza macho kafumba. Mabega yanamtikisika, nikadhani anasoma dua, kumbe anacheka. Kasema ndege hana dhambi, mwenye pipa ndiye wa kuulizwa. Ila ili moyo wa mama harusi utulie, nifanye kama bibi zetu walivyomfanyia kuku anayezurura jalalani: afungwe siku tatu, ale kisafi, anywe kisafi, akae pasafi, ndipo achinjwe.

Mama yangu alikuwa anamfunga kuku mguu kwenye kinu kabla ya Idi! Nimewahi kumfungulia mmoja kwa huruma, nikafungwa mimi.

Nikahesabu vidole. Leo Jumatano, kesho, Ijumaa. Tatu kamili. Jumamosi kisu. Bi Khairat kakubali, lakini kasema pasafi iwe pasafi.

Hapo ndipo pagumu. Sakafu yote imelowa togwa. Maranda yote lazima yatoke leo, na fundi seremala kanambia hana hata gunia mpaka Jumatatu.

Saa nne linaingia guta la Mbaruku, limejaa maranda mpaka mbele haoni. Yale aliyojiwekea kwa kundi lake jipya. Nikamuuliza vipi, kazi si angeipata yeye? Kasema funga domo shemeji, nimekuja kwa ajili ya dada yangu. Tukazoa wote mpaka alasiri. Kanitukana mfululizo, tusi halikujirudia hata moja. Wakati wa chai akaniuliza polepole, bila kunitazama, ile togwa ya kikombe kimoja kipimo chake ni kipi hasa.

Nikamwambia. Shemeji yangu huyu, Mungu ampe maisha. Ana roho nyeupe, kaifungia kwenye mdomo mchafu.

Ijumaa, 13 Februari

Mahindi safi, dagaa safi, maji safi. Hajra hajaniruhusu kushika kitu. Nakaa mlangoni kama askari magereza. Kuku wamerudiwa na akili zao. Wawili wananikwepa macho. Aibu.

Jumamosi, 14 Februari

Mia na hamsini! Wote wazima, wote wanyofu, wamechinjwa na Mwalimu Abdillah mwenyewe. Kila kuku aliyempitia mkononi, Mwalimu alimnong'oneza jambo. Sikuuliza.

Kwa Bi Khairat nilikusudia kusema maneno ya shukrani niliyoyapanga miaka miwili. Nikafungua mdomo, nikamweleza pipa. Lote. Mpaka paketi ya njano na kulia. Alicheka akakaa juu ya gunia la mchele. Mzee Hamoudi akaja na mkongojo wake, miguu yote miwili, alhamdulillahi, akasema msiwaonee hao kuku: hata yeye ujanani baba yake alimfunga siku tatu chumbani, akatoka halali, akaoa.

Nikasema ahsante, Bi Khairat. Ni hilo tu lililotoka. Kasema nenda zako, wapishi wanasubiri.

Jumapili, 15 Februari

Biriani! Watu wamekula mpaka wakaanza kunung'unika, yaani wameshiba kweli. Mzee mmoja wa Tanga kasema nyama hii ina furaha. Nikatazama dari.

Bi Khairat kamkalisha Hajra kwenye jamvi la wakubwa, karibu na bibi harusi. Kawaambia wageni alikuja kwetu kwa sababu moja: kila akipita barabarani, mabanda yote ya Mapinga yanamwingia puani, la Hajra tu ndilo halinuki. Kasema mwanamke anayekausha sakafu kila alfajiri hahitaji dawa ya njano.

La Hajra, kasema. Nilisimama nyuma ya pazia na sahani yangu. Nilidhani nitakasirika. Nikamtazama mke wangu na nguo yake ya kijani, Mina kalala mapajani na mfupa mkononi, nikaona nimejaliwa kuliko sultani.

Jumatatu, 16 Februari

Nimeamka na akili mpya. Mwani! Huko pwani wanaulima, wanauanika, dunia nzima inaununua, na kuku wangu hawajawahi kuuonja. Nimeagiza gari zima, moja kwa moja kutoka majini. Mimi na Mbaruku tuko nusu kwa nusu.

Hajra kauliza kama nitausuuza chumvi kwanza, maana chumvi nyingi inaua kuku. Nimemwambia chumvi ni ladha. Kuku atachinjwa ameshakolea. Kanitazama, kaenda kujaza mapipa maji ya kusuuzia. Tabia yake tu.

Na lile nililoandika siku ya kwanza, kwamba mkono wangu una bahati na hajafa kuku hata mmoja. Uongo. Kundi la kwanza nililitunza peke yangu, Hajra yuko kwenye uzazi. Walikuwa mia moja. Walikufa wote.